Mililita Moja Yatosha: Hoja ya Maabara Salama Kibiti

Mwaka 2003, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, vituo vya afya vya wilaya hiyo vilianza kuwatibu wagonjwa wa malaria kwa artesuneti, dawa itokanayo na mmea wa artemisia, ikiambatana na dawa ya SP, chini ya mradi wa utafiti uliotaka kujua kama dawa mseto ingeifaa nchi nzima. Taifa lilihamia kwenye dawa mseto ya ALu mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo watu wa Rufiji, wa kata ya Mahege na wa delta ya mto Rufiji wakiwamo, walitangulia wenzao wengi kunufaika na kazi iliyofanyika Beijing mwaka 1971. Huko mtafiti Tu Youyou na wenzake walitambua kwamba majani ya artemisia yakichemshwa nguvu yake hupotea, ila yakilowekwa kwenye etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, nguvu hiyo hutoka bila kuharibika. Kazi hiyo ilimpatia Tu tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sehemu ya pili ya kisa hiki husimuliwa mara chache: etha na vimiminika vya aina yake vilitumika kwa wingi katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri, na watafiti waliovuta mvuke huo siku baada ya siku waliugua. Tu mwenyewe aliumwa ini.

Kisa hicho kimebeba mambo mawili ambayo shule zetu huyatenganisha, yaani ustadi wa kutenda kemia na ustadi wa kuitenda bila kuumia. Ustadi wa kwanza tunauweka kwenye majaribio, na wa pili kwenye orodha ya makatazo iliyobandikwa mlangoni mwa maabara. Ninachodai katika makala haya ni kwamba huo ni ustadi mmoja. Anayejua kupasha moto kimiminika kinachoshika moto haraka, akapata zao alilolitaka, ndiye huyo huyo anayejua kwa nini mwali hauruhusiwi mezani wakati huo. Nadai pia kwamba ustadi huo unafundishika katika shule ya kata ya Mahege na kata jirani zake, na kwamba njia ya kuufundisha ni kufanya majaribio ya kemia ya kaboni kwa kiasi kidogo mno, mapema, mara kwa mara, na kwa kuyatolea alama.

Tuangalie kwanza mambo yalivyo. Muhtasari wa kemia uliotumika kwa miaka mingi katika sekondari zetu unaweka mada ya mbinu na usalama wa maabara mwanzoni kabisa mwa kidato cha kwanza. Mtoto aliyetoka shule ya msingi juzi anafundishwa alama za hatari, kanuni za maabara na huduma ya kwanza, aghalabu kabla hajawahi kushika testi tyubu. Kemia ya kaboni, yenye vimiminika vinavyowaka na mvuke unaolevya, inakuja kidato cha nne. Katikati ya somo la hatari na hatari yenyewe kuna takriban miaka mitatu. Mwanafunzi ameshakariri kwa Kiingereza kwamba asionje kitu maabara, ameshajibu swali hilo kwenye mtihani wa muhula, na ameshalisahau. Chupa ya etanoli inapofunguliwa mbele yake, hana chochote mikononi kinachomwambia aitazame kwanza taa ya spiriti iliyo kwenye meza ya pili.

Mtihani nao umechangia. Kwa miaka mingi karatasi ya vitendo ya kidato cha nne imesimama juu ya kupima asidi kwa besi kwa byureti, kutambua chumvi isiyojulikana, na kupima kasi ya mmenyuko. Ni majaribio mazuri, lakini kemia ya kaboni haimo, au imo kwa nadra. Hapo zamani kulikuwa hata na karatasi mbadala wa vitendo, ambamo mtahiniwa aliandika matokeo ya jaribio ambalo hakulifanya. Mwalimu mwenye akili timamu, mwenye vipindi vichache na kemikali chache zaidi, hufundisha kinachoulizwa. Matokeo yake ni kijana anayeweza kuandika mlinganyo wa esta ubaoni pasipo kosa, ilhali hajawahi kuinusa hata siku moja. Kijana huyo akienda chuo cha famasia, kiwanda cha rangi au maabara ya hospitali, atakutana na vimiminika hivyo kwa lita, na somo lake la kwanza la mkono litakuwa kazini, chini ya msimamizi asiye na muda wa kumfundisha.

Jambo la pili ni joto la pwani yenyewe. Kila kimiminika kinachowaka kina kiwango cha joto ambacho kikifikiwa, mvuke wake unatosha kushika moto ukikutana na cheche. Kwa etanoli safi kiwango hicho ni kama nyuzi 13, kwa methanoli nyuzi 11, kwa asetoni nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwa etha nyuzi 45 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huanzia nyuzi 38 na zaidi, ndiyo maana kibatari kinakaa nyumbani kwa usalama ambao petroli haina. Vitabu vingi vya majaribio viliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo chumba cha darasa kina nyuzi 20 au pungufu. Mchana wa Kibiti hufika nyuzi 30 bila taabu. Chupa ya etanoli iliyoachwa wazi hapa inatoa mvuke mwingi kuliko chupa hiyo hiyo Ulaya, na etha iko nyuzi tano tu kabla ya kuchemka yenyewe juu ya meza. Isitoshe, mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani kama moshi. Unatambaa juu ya meza, unashuka sakafuni, na unaweza kuufuata moto ulio mita kadhaa mbali. Kanuni iliyonakiliwa kutoka nchi ya baridi haitoshi hapa. Mwanafunzi wa delta anahitaji kuelewa kanuni hizo kwa kina kuliko yule wa London, kwa kuwa hali ya hewa haimsaidii.

Wengi wakisikia haya husema tatizo ni majengo na fedha. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu za fizikia, kemia na baiolojia, na katika miaka miwili mitatu iliyofuata wananchi walichangishwa, viongozi wa wilaya wakabanwa, na kuta zikapanda nchi nzima. Agizo lile lilikuwa na faida yake, maana hakuna anayeweza kufanya jaribio chini ya mwembe mvua ikinyesha. Lakini jengo ni jengo, na usalama hauingii ndani yake pamoja na madirisha. Ushahidi wa hilo unatoka mahali penye fedha nyingi kuliko tunazoweza kuziota.

Tarehe 29 Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alikuwa akihamisha makumi ya mililita za kampaundi ya lithiamu inayowaka ikigusana na hewa. Pistoni ya sirinji ya plastiki ilichomoka. Hakuwa amevaa koti la maabara, na sweta lake la nyuzi za viwandani lilishika moto. Alifariki dunia siku 18 baadaye. Chuo kile hakikukosa vifaa. Kilichokosekana, kwa mujibu wa uchunguzi wa mamlaka za kazi za jimbo hilo, ni mafunzo na mavazi ya kinga. Miaka mitano baadaye, tarehe 2 Januari 2014, katika shule ya sekondari jijini New York, mwalimu aliyekuwa akionesha rangi za miali ya chumvi mbalimbali alimimina methanoli kutoka kwenye dumu la takriban lita nne karibu na moto. Wanafunzi wawili waliungua, mmoja wao vibaya sana. Wiki chache kabla ya siku hiyo, bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilikuwa imetoa video ya kuonya juu ya jaribio hilo hilo.

Mikasa hiyo miwili ina mambo yanayofanana: kiasi kikubwa mno cha kitu kinachowaka, na mikono ambayo haikuzoezwa kupunguza kiasi hicho. Dumu la lita nne halikuwa na sababu ya kuwapo mezani, kwani mililita chache zilizopimwa pembeni kabla moto haujawashwa zingetosha kuonesha rangi zile zile. Hapo ndipo shule maskini inapogundua kwamba umaskini wake, kwa mara moja, unaelekea upande sahihi. Shule isiyoweza kununua lita nne inalazimika kufanya kazi kwa matone, na kazi ya matone ndiyo kazi salama.

Kazi ya namna hii haikubuniwa kwa kubahatisha. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilitengeneza visanduku vya kemia ya kiasi kidogo, vyenye trei za plastiki zenye vishimo na mirija midogo, na UNESCO ikavisambaza katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Si lazima kuvinunua ili kuielewa mantiki yake. Chukua jaribio la kutengeneza esta, ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha nne hulisoma. Weka kwenye testi tyubu matone kumi ya asidi ya etanoiki na matone kumi ya etanoli, kisha mwalimu aongeze tone moja la asidi kali ya salfuriki. Yote pamoja ni kama mililita moja. Testi tyubu isimamishwe kwa dakika moja kwenye kikombe cha maji ya moto yasiyofika nyuzi 80, halafu kilichomo kimiminwe taratibu kwenye kikombe kingine chenye maji ya sodiamu kaboneti ili asidi iliyobaki iuawe. Mwanafunzi anapunga mkono juu ya kikombe hicho cha pili kuielekeza harufu puani, badala ya kutumbukiza pua, na ananusa harufu ya esta. Kemia yote ya kitabuni imo humo, hata ile ya mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma.

Tuone sasa kinachopungua. Darasa la wanafunzi 40 likifanya jaribio hilo kwa mtindo wa zamani wa mililita kumi kila mmoja, meza zitabeba mililita 400 za etanoli, nusu lita kasoro kidogo, katika chumba chenye nyuzi 30. Kwa matone kumi kumi, darasa zima linatumia mililita 20. Ikitokea zote zikawaka, jambo ambalo ni gumu kutokea, kitambaa kilicholowa maji kinazima. Moto wenyewe unaweza kuondolewa chumbani kabisa, maana maji ya moto hayahitaji jiko la Bunsen. Yanaweza kuchemshwa kwenye jiko la mkaa nje ya jengo na kuletwa darasani ndani ya chupa ya chai, yakapoa kidogo kabla ya kutumika. Chupa ya chai ipo katika kila ofisi ya walimu wilayani. Hapo mwanafunzi anajifunza jambo ambalo hata mtafiti aliyebobea huliheshimu: chanzo cha joto na kimiminika kinachowaka visikutane uso kwa uso.

Mtoto wa Salale au Maparoni, kata za delta, hafundishwi kupiga kasia kwa kusomewa orodha ya namna watu wanavyozama. Anaanzia kwenye maji ya magotini, mtumbwi ukiwa umefungwa, mpaka mwili wenyewe ujue uzito uhamie wapi wimbi likija. Matone kumi ni maji ya magotini ya kemia. Kosa hutokea, linaonekana, linarekebishwa, na hakuna anayepelekwa hospitali. Mwanafunzi aliyerudia jambo hilo mara ishirini katika miaka miwili hahitaji kukumbushwa aitazame taa kabla ya kufungua chupa, kwa kuwa macho yake yameshazoea kuitafuta.

Kiasi kidogo kinatatua pia matatizo ambayo ni ya delta hasa. Kata kadhaa za Kibiti hufikiwa kwa boti, na kemikali husafiri pamoja na abiria, magunia na dumu la petroli ya injini. Mahitaji ya muhula mzima yakiwa ni chupa chache za mililita mia, yanaingia kwenye kasha moja lenye mchanga, likafungwa na kukabidhiwa mtu mmoja. Kuna mafuriko pia. Aprili 2024 maji ya Rufiji yaliingia katika makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na yeyote aliyeyaona anajua kwamba stoo yenye chupa zilizopangwa sakafuni ni hatari isiyohitaji mwali. Kanuni ya kawaida inataka asidi kali ikae chini, isiwe juu ya usawa wa macho. Delta inataka isikae chini mno. Rafu ya zege ya usawa wa kiuno inatosheleza matakwa yote mawili, na chupa chache zinatosha juu yake. Lebo ziandikwe kwa rangi isiyofutika, maana karatasi haidumu katika unyevu wa chumvi, na chupa isiyo na jina ni mtego kwa mwalimu atakayehamia mwakani. Na taka: mabaki machache ya matone yanakusanywa kwenye chupa moja yenye mfuniko, wakati nusu lita huishia mferejini, na mifereji ya huku humwagikia kwenye mikoko ambako kambamiti wachanga hukulia.

Wapo watakaosema: mbona mnataka kuwaletea watoto hatari ambayo hawana? Shule isiyo na maji ya bomba wala kabati la kufyonza mvuke wenye sumu, wanasema, ni afadhali iishie kwenye nadharia. Nalichukulia kwa uzito pingamizi hili, kwa sababu linatoka kwa watu wanaowapenda watoto. Lakini msingi wake si kweli. Hatari ipo tayari, nje ya shule. Kibiti ni wilaya ya korosho, na ganda la korosho lina mafuta yenye asidi ya anakadi, jamaa wa karibu wa sumu za mimea inayobabua ngozi. Ubanguaji wa nyumbani unaacha vidole vimeungua, na moshi wa maganda yanayochomwa unachoma macho. Vikundi vya akina mama vinavyotengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi au mawese hutumia kostiki soda, ambayo ikirukia jicho inaweza kulipofua. Viuatilifu vya mikorosho na mpunga hupimwa kwa vizibo vya soda, kisha chupa yake huoshwa ikatiwa maji ya kunywa. Petroli inauzwa kwa chupa za plastiki barabarani. Kumzuia kijana asiifahamu kemia ya kaboni darasani hakumwepushi nayo. Kunamkabidhi kwayo akiwa hajui. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tukichukulia sabuni peke yake tunaona jinsi somo la darasani lingevuka uzio wa shule. Kostiki ikitiwa kwenye maji hutoa joto kali, kwa hiyo kostiki ndiyo iongezwe ndani ya maji kidogo kidogo, wala maji yasimwagwe juu ya kostiki, yasije yakachemka na kuruka usoni. Chombo kisiwe sufuria ya alumini, maana kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma cha pua ndicho kinachofaa. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo kwa mililita tano za mafuta ya nazi atakwenda nyumbani na sababu, na sababu hubebeka kuliko katazo. Mama yake akimwuliza kwa nini sufuria imetoboka, atajibu. Vivyo hivyo kwa tanini, kemikali iliyofanya magome ya mikoko ya Rufiji yasafirishwe tangu enzi za Wajerumani kwa ajili ya kulainishia ngozi. Mikoko leo inalindwa na hakuna haja ya kuibambua, kwa kuwa majani ya chai yana jamii hiyo hiyo ya kemikali. Chai kidogo ya rangi, tone la kloridi ya chuma ambayo maabara nyingi zinayo kwa ajili ya kutambua chumvi, na weusi wa samawati unatokea. Hakuna moto, hakuna mvuke, na kemia ya kaboni imefanyika.

Pingamizi la maji linastahili jibu la hesabu. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka kifaa cha kuoshea macho kitoe walau lita moja na nusu kwa dakika, kwa dakika 15. Hizo ni lita 22 na nusu. Ndoo mbili za lita 20 zenye koki, za aina iliyoenea shuleni tangu siku za korona, zikijazwa maji safi kila asubuhi ya jaribio na kuwekwa juu ya kibao karibu na mlango, zinazidi kiasi hicho. Miwani ya kinga ni gharama ya kweli, ila hununuliwa mara moja na hupokezanwa vipindi kwa miaka. Mavazi hayahitaji fedha bali uangalifu. Koti la pamba ni bora kuliko la nailoni, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kuganda mwilini. Na kwa kuwa wasichana wengi wa pwani huvaa ushungi, mwalimu aeleze waziwazi kwamba ushungi wa maabara uwe wa pamba na ncha zake ziingizwe ndani ya koti. Kanuni iliyonyamaza kuhusu vazi ambalo nusu ya darasa imelivaa haikuandikwa kwa ajili ya darasa hilo. Kuhusu kabati la kufyonza mvuke, sikubaliani na anayesema lisipokuwapo hakuna kemia ya kaboni. Nakubaliana na anayesema lisipokuwapo, baadhi ya vitu visiingie kabisa shuleni. Benzini husababisha saratani na haina kazi sekondari. Etha ibaki vyuoni. Maji ya bromini, yanayotumika kupima alkini, yanaweza kuachiwa nafasi yake na pamanganeti ya potasiamu iliyozimuliwa sana. Kujua cha kukataa ni sehemu ya ustadi ninaoutetea.

Pingamizi jingine ni la mwalimu mwenyewe: darasa ni kubwa, msaidizi wa maabara hayupo, na macho mawili hayawezi kulinda mikono themanini. Ni kweli. Lakini kuanzia kidato cha tatu kemia husomwa na waliochagua sayansi, na katika shule nyingi za kata kundi hilo ni dogo kuliko darasa zima. Pale linapokuwa kubwa, theluthi moja iingie maabara, wengine wafanye zoezi la maandishi chumba cha jirani, na zamu zibadilike. Wafanye wawili wawili, mmoja akitenda na mwenzake akisoma hatua kwa sauti na kumkagua. Anayekagua hujifunza usalama zaidi ya anayetenda, kwani kazi yake yote ni kutafuta kosa kabla halijatokea.

Limebaki lile lisemwalo kwa sauti ya chini: ukiwafundisha vijana kutonesha kimiminika kwa mvuke, umewafundisha kupika gongo. Gongo inapikwa nchini tangu kabla ya shule za kata kuwapo, na hakuna mpishi aliyehitaji mwalimu. Anachokosa mpishi ndicho darasa linachokitoa: kwamba chombo kilichozibwa kikipashwa moto hupasuka, kwamba mvuke wa pombe karibu na kuni ni moto unaosubiri, na kwamba methanoli haitofautishwi na etanoli kwa macho wala kwa pua, lakini hupofusha na kuua. Kijana anayeyajua haya atafikiri mara mbili kabla ya kuonja kinywaji ambacho hajui kimetoka wapi. Ujinga haujapunguza gongo hata chupa moja.

Nani basi afanye nini? Halmashauri ya Kibiti inaweza kuagiza kemikali za shule zake zote kwa pamoja, kwa vipimo vidogo, na kuzigawa kwa muhula badala ya kila shule kukaa na chupa kubwa inayozeeka. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo kwa sheria ya mwaka 2003 husimamia kemikali za viwandani na majumbani, ina utaalamu ambao kupitia ofisi zake za kanda ungeweza kuwafikia walimu wa kemia na wasaidizi wa maabara kwa siku mbili tatu za mafunzo kwa mwaka. Vyuo vya ualimu viwafanyishe wanachuo kazi ya matone, ili mwalimu asije akakutana nayo kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi. Na mtaala ulioboreshwa wa 2023, unaohubiri umahiri na kuipa heshima elimu ya amali, hauwezi kudai kwamba umetimiza ahadi yake ikiwa mhitimu anajua hatari za kemikali kwa kuzitaja tu.

Yote hayo yatakwenda polepole kama mtihani utabaki ulivyo. Shule zetu husikiliza alama kuliko waraka, na hilo halipaswi kutuudhi. Linatuonesha pa kushika. Baraza la Mitihani liweke jaribio moja dogo la kemia ya kaboni katika karatasi ya vitendo, na ndani yake alama tano za mwenendo zinazotolewa na msimamizi kwa orodha fupi: mtahiniwa alivaa miwani, alihakikisha hakuna moto kabla ya kufungua spiriti, alipima kiasi alichoambiwa wala hakuzidisha, alinusa kwa kupunga mkono, aliweka mabaki kwenye chupa ya taka. Atakayesema msimamizi anaweza kumpendelea mtahiniwa amesema kweli, na ndiyo sababu alama hizo ni tano na si ishirini. Zinatosha. Mwalimu wa kemia wa Mahege atakayejua Septemba kwamba alama hizo zitakuwapo mwakani ataanza kuzifundisha Januari, kwa chupa ya chai, ndoo mbili za maji na mililita 20 za etanoli.